Syrrako na Kalarrytes: vijiji viwili vya milimani Ugiriki, koo zake, na mpaka uliopita katikati ya bonde

Fundi Mawe (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kiangazi kimoja fundi mkuu wangu alinitoa Athens kwenda kusaidia kuezeka upya nyumba ya mawe katika kijiji cha Syrrako, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kwenye safu ya milima ya Pindus. Siku ya pili jioni nimekaa kwenye uwanja wa kijiji, chini ya mti mkubwa wa kivuli, vumbi la mawe limeniingia mpaka kwenye kope. Mzee mmoja akaja na fimbo yake, akasimama mbele yangu akauliza: "Tinos eisai?" Maana yake: wewe ni wa nani?

Hakuuliza natoka wapi wala nafanya kazi gani. Wa nani. Nikamtajia baba yangu, nikamtajia babu, na kijiji chetu kule Muheza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu lake lote, akakaa pembeni yangu. Kisha akanitajia wa kwake, mmoja mmoja, mpaka kahawa yake ikapoa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza habari za kijiji hicho na jirani yake Kalarrytes, na leo nimeona nizilete hapa. Uzi utakuwa mrefu, nitauweka vipande vipande.

Kwanza mahali penyewe. Syrrako na Kalarrytes vimejengwa kwenye miteremko mikali, mita kama 1,200 juu ya bahari, kimoja kikitazamana na kingine. Katikati kuna korongo, na chini kabisa mto mdogo uitwao Chrousias. Ukisimama Syrrako unaziona nyumba za Kalarrytes ng'ambo, moshi unauona, lakini kwenda huko kwa miguu lazima ushuke korongo lote kwa njia ya ngazi za mawe, uvuke mto, kisha uanze kupanda. Mji mkubwa wa karibu ni Ioannina, kilomita kama 50 kwa barabara yenye kona nyingi.

Gari haliingii kijijini. Linabaki nje, na kuanzia hapo kila kitu kinabebwa na nyumbu wa mizigo: saruji, friji, maji ya chupa, hata jeneza. Mabamba yetu ya kuezekea yalifika hivyo hivyo, yamefungwa kwa kamba pande mbili za mnyama ili uzito uwe sawa. Paa za huko ni mabamba ya mawe ya kijivu yanayolaliana kama magamba ya samaki. Na ukutani, kila baada ya kimo fulani, waashi wa zamani walilaza boriti za mbao ndani ya mawe, zikizunguka nyumba nzima kama mkanda, ardhi ikitikisika ukuta usiachane. Nilibomoa kipande cha ukuta mmoja, boriti ile bado ngumu, nyundo inadunda.

Ardhi ya kulima hakuna. Utaona vibustani vya maharage na viazi vilivyoshikiliwa na kuta za mawe, basi. Sasa jiulize, watu wasio na shamba walijengaje majumba ya ghorofa mbili na tatu ya namna ile?

---

Mtoto wa Longido

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu, mimi nimekulia kwenye mifugo na nahisi jibu nalijua.

---

Fundi Mawe

Umepatia mkuu. Ni kondoo.

Wenyeji wa vijiji hivi ni Wavlahi. Wana lugha yao iliyozaliwa na Kilatini, ndugu wa Kiromania, na Kigiriki wanakizungumza pia. Yule mzee akisema na dada yake walikuwa wakichanganya zote mbili. Maji wanaita "apă", Wagiriki wenzao wanaita "nero". Wengi wa kizazi cha wajukuu hawaijui tena.

Maisha yao yalifuata siku mbili za watakatifu. Siku ya Mtakatifu George, mwezi wa Aprili, kondoo hupandishwa milimani kula majani mapya. Siku ya Mtakatifu Demetrius, mwishoni mwa Oktoba, wanateremka kabla theluji haijafunga njia. Syrrako waliteremkia zaidi nyanda za Preveza na jirani zake, karibu na bahari. Ukoo mzima ulihama: wazee, wachanga, kuku, vyungu, vitanda vya kufumia. Kijijini walibaki wachache wa kulinda nyumba.

Mifugo iliendeshwa na kundi waliloliita tselingato. Mkubwa wake, tselingas, alikuwa mwenye kondoo wengi na mdomo wa kuzungumza na wakubwa. Familia zenye kondoo wachache zilijiunga naye. Yeye ndiye aliyekodi malisho ya majira ya baridi, yeye ndiye aliyepatana bei ya maziwa na sufu. Msimu ukiisha, hesabu inapigwa, gharama zinatolewa, kila mmoja anapata kwa idadi ya kichwa alichochangia. Ukoo wenye tselingas mwaminifu ulipata watu. Aliyekula vya wenzake, msimu unaofuata walihamia kwa mwingine.

Mwaka 2019 desturi hii ya kuhamahama na mifugo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, Ugiriki ikiwa pamoja na Austria na Italia.

---

Bi Kirembo

Kaka, umetaja vitanda vya kufumia halafu ukapita mbio. Naomba urudi hapo. Wanaume walichunga, sawa. Sufu ilikuwa kazi ya nani?

---

Fundi Mawe

Dada, asante kwa kunirudisha. Sufu ilikuwa kazi ya wanawake, na bila wao yale majumba yasingekuwepo.

Bidhaa iliyovipa vijiji hivi jina ni kapa, yaani joho zito lenye kofia. La wachungaji lilikuwa na manyoya ya mbuzi, kwa sababu maji ya mvua huteleza juu ya nyuzi zake. Wanawake walisokota, wakafuma kitambaa, kisha kitambaa kikapelekwa kwenye kinu cha maji. Si kinu cha kusaga. Ni pipa kubwa la mbao lililochomekwa ardhini, maji yanaangukia ndani kwa nguvu toka juu na kukizungusha kitambaa, usiku na mchana. Nyuzi zinashikana, kitambaa kinapungua upana na kuwa kinene, upepo haupenyi tena.

Katika nyumba tuliyoezeka mwenye nyumba alikuwa na kapa ya babu yake, imetundikwa nyuma ya mlango. Aliniruhusu niivae. Mabega yangu yaliinama wakuu, nilihisi nimebebeshwa mbuzi mzima. Ukisimama nayo unakuwa kama uko ndani ya kibanda, na ndivyo ilivyokusudiwa, maana mchungaji alilala nje akiwa ndani yake.

Joho hizo zilinunuliwa na wachungaji na mabaharia pia. Karne ya 18 watu wa Kalarrytes na Syrrako wakawa na nyumba za biashara Livorno, Napoli, Trieste, Venice. Ndugu mmoja anakaa Italia kupokea mzigo, mwingine yuko Ioannina, wa tatu anaongoza msafara wa nyumbu, mama na dada wako kwenye vitanda vya kufumia. Kampuni ndiyo ukoo, na ukoo ndiyo kampuni. Mwingereza William Leake alipita huko mwanzoni mwa karne ya 19 akaandika habari za wafanyabiashara hao, alishangaa kuwakuta watu wenye kuijua Italia juu ya mlima kama ule.

Na jambo jingine lililowasaidia: chini ya dola ya Uthmani vijiji hivi vilikuwa chini ya ulinzi wa Mama wa Sultani. Walilipa kodi yao, wakajiendesha wenyewe. Hali hiyo ilianza kubanwa Ali Pasha alipoushika utawala wa Ioannina mwaka 1788.

---

Sonara wa Mji Mkongwe

Ahsante sana ndugu yangu kwa darsa hili. Mimi kazi yangu fedha, na kwa marehemu baba nilirithi nyundo. Kalarrytes jina hili nimelisikia kwa watu wa fedha. Hebu tupe habari zao.

---

Fundi Mawe

Sheikh, nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe.

Syrrako walishika sufu zaidi. Kalarrytes, pamoja na biashara, walikuwa masonara. Walifanya kazi ya nyuzi nyembamba za fedha zinazosokotwa kuwa maua, na kazi ile wanayoiita savati: fundi anachora fedha kwa patasi ndogo, mchoro anaujaza mchanganyiko mweusi wa fedha, shaba, risasi na salfa, anaupitisha kwenye moto mpaka uyeyuke, akisugua inabaki picha nyeusi kwenye fedha nyeupe. Vifungo vya mikanda ya maharusi, mipini ya visu, majalada ya Injili za kanisani. Athanasios Tzimouris wa Kalarrytes alimfanyia kazi Ali Pasha mwenyewe.

Halafu ukaja mwaka 1821. Wagiriki wameanza vita vya uhuru, na Julai mwaka huo vijiji hivi viwili navyo vikanyanyuka. Kule Syrrako aliyewasukuma ni Ioannis Kolettis, mtoto wa hapo hapo, aliyesomea udaktari Pisa, Italia, na kuwa tabibu katika nyumba ya Ali Pasha. Jeshi la Uthmani lilikuwa karibu mno, Ioannina. Likapanda mlima. Maasi yalizimwa kwa siku chache, vijiji vikachomwa moto, watu wakakimbia usiku na watoto mgongoni.

Masonara wakatawanyika na zana zao. Georgios Diamantis Bafas akaishia kisiwa cha Zakynthos, na jeneza la fedha la Mtakatifu Dionysios lililoko huko ni kazi yake, la mwaka 1829. Ukoo wa Voulgaris ukahamia Paramythia, na huko mwaka 1857 akazaliwa Sotirios. Kijana akajifunza fedha kwa baba yake, akapita Corfu, Napoli, mwaka 1881 akafika Roma. Mwaka 1884 akafungua duka. Jina lake Waitaliano waliliandika Bulgari. Ndiyo, ile Bulgari ya saa na vito mnayoiona viwanja vya ndege, iliyonunuliwa na LVMH, kampuni ya Kifaransa ya bidhaa za anasa, mwaka 2011. Mizizi yake ni pale ng'ambo ya korongo, kwenye paa za mabamba ya mawe.

---

Sonara wa Mji Mkongwe

Subhanallah. Patasi na moto tu, vikaenda hadi Roma.

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, nimekufuatilia tangu mwanzo. Umeandika vizuri. Ila kichwa cha uzi umesema habari ya mpaka, na mimi naona hadithi imeishia kwenye moto wa 1821. Kijiji kikichomwa na mafundi wake wakatawanyika, kimekwisha. Huo mpaka umefanya nini zaidi ya hapo?

---

Fundi Mawe

Shikamoo mwalimu. Hoja yako ni nzito, na Kalarrytes kweli hawakuwahi kuwa tena kama walivyokuwa. Lakini watu walirudi. Nyumba nyingi unazoziona leo zilijengwa baada ya moto ule, juu ya misingi ya zamani, na mimi nimeona kwa macho yangu mawe yenye weusi wa moshi yaliyotumika mara ya pili. Nyumba ikiungua, ukoo ukiwa na kondoo na nyumbu na njia iko wazi, nyumba inajengwa. Kilichowaweka hai ilikuwa njia, kuliko nyumba.

Mwaka 1881, kwa mkataba uliotiwa saini Constantinople, dola ya Uthmani iliikabidhi Ugiriki jimbo la Thessaly na kipande cha Epirus, jimbo lenye vijiji vyetu hivi, pamoja na mji wa Arta. Mpaka mpya ulifuata mto Arachthos, na huku juu ukapita kwenye korongo letu. Kalarrytes ikawa Ugiriki. Syrrako ikabaki Uthmani.

Mwalimu, piga picha. Umesimama mlangoni kwako Syrrako, unamwona mtu anaanika nguo Kalarrytes, na kuanzia sasa yule yuko nchi nyingine. Kalarrytes wamepata uhuru walioupigania tangu 1821, lakini soko lao la siku zote, Ioannina, limebaki upande wa pili. Syrrako wana Ioannina na Preveza, lakini Arta na Thessaly sasa ni ugenini, kuna askari, kuna ushuru. Msafara wa nyumbu uliokuwa unapita bila kumuuliza mtu, sasa unasimamishwa. Biashara ya ukoo uliojitandaza pande zote haikatiki siku moja, inanyauka. Hali hiyo ilidumu miaka 31, mpaka jeshi la Ugiriki lilipofika Syrrako mwaka 1912, na Ioannina ikafuata mwaka 1913. Ukizaliwa mpaka unawekwa, ulikuwa mtu mzima mwenye watoto wako ulipoondolewa. Na kwa muda huo wote wenye mitaji walikuwa wameshazoea Athens, Preveza, Italia.

Kuna mambo mawili kuhusu watoto wa Syrrako ambayo kila nikiyakumbuka moyo unasimama.

La kwanza ni Kolettis. Baada ya uhuru akawa waziri mkuu wa Ugiriki. Januari 1844, bunge la katiba likibishana kama Wagiriki waliozaliwa nje ya ufalme ule mdogo wana haki sawa na wazawa, alisimama akasema ufalme si Ugiriki yote, ni kipande chake kidogo na maskini kuliko vyote. Mgiriki ni yule anayeishi Ioannina pia, na Thessaly, na Constantinople. Hotuba ile iliendesha siasa za Ugiriki karibu miaka 80, kwa heri na kwa balaa kubwa. Wengi huisoma kama fikra ya dola. Mimi baada ya kulala Syrrako naisoma kama sauti ya mtu ambaye kwao kumebaki nje ya uzio. Alifariki mwaka 1847, kijiji chake bado kiko Uthmani.

La pili ni mshairi Kostas Krystallis, aliyezaliwa Syrrako mwaka 1868. Alipokuwa kijana wa miaka 13 mpaka uliwekwa. Akasoma Ioannina, akaandika shairi lililowakera watawala, ikabidi akimbilie Ugiriki. Athens alifanya kazi ya kiwanda cha uchapaji, mapafu yakaharibika kwa kifua kikuu. Mashairi yake yamejaa kondoo, chemchemi, tai na milima, na ameyaandika katika chumba cha mjini. Alikufa mwaka 1894 mjini Arta, hajafika miaka 30. Arta ilikuwa upande wa Ugiriki. Milima ya kwao iko kaskazini tu ya hapo, na hakuweza kurudi. Nyumba yao Syrrako sasa ina maktaba na makumbusho, niliingia nikiwa na viatu vya kazi, mlinzi akaniambia nipite tu hivyo hivyo.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapo kwenye soko kubaki ng'ambo nimekuelewa. Nasogea upande wako nusu, hiyo nusu nyingine bado nauheshimu moto.

---

Msafiri wa Patras

Mleta uzi, mimi nipo Ugiriki pia. Umetaja mto Arachthos, usiliache daraja la Plaka jamani. Nilikwenda kuliona lilipojengwa upya.

---

Fundi Mawe

Kweli ndugu, asante. Liko bondeni zaidi kwenye Arachthos. Upinde mmoja wa mawe wenye uwazi wa mita 40 hivi, ulijengwa mwaka 1866 na Kostas Bekas, fundi wa kijiji cha Pramanta. Miaka 15 tu baadaye likageuka kuwa mpaka, nyumba ya ushuru ikajengwa kando yake. Februari 1944, wakati wa vita, makundi ya wapiganaji wa Kigiriki yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe yalikutana hapo kusaini kusimamisha mapigano.

Tarehe 1 Februari 2015 mto ulifurika na daraja likaanguka. Fundi wangu mkuu aliniambia siku ile alilia kama aliyefiwa. Walikusanya mawe yaliyobaki mtoni, wakachonga mengine, na mwaka 2020 upinde ukakamilika tena. Kama fundi uashi nakwambia, upinde wa upana ule haukuvumilii hata jiwe moja lililochongwa kwa haraka.

---

Bi Kirembo

Na sasa hivi kaka? Hizo koo ziko wapi?

---

Fundi Mawe

Wengi wako Preveza, Filippiada, Ioannina, Athens, na Ujerumani walikokwenda kutafuta kazi viwandani miaka ya 1960. Majira ya baridi kijiji ni watu wa kuhesabu. Tangu 2011 vijiji vyote viwili viko ndani ya halmashauri moja, Tzoumerka ya Kaskazini, kwa hiyo hata uzio wa makaratasi haupo.

Lakini nyumba haziuzwi ovyo. Ile tuliyoezeka ilikuwa na warithi zaidi ya kumi, wengine hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja, na wote walichangia mabamba. Mwenye kusimamia alikuwa mama mmoja wa makamo, anafundisha shule Preveza. Alipanda kila Jumamosi na daftari, anaandika nani ametoa kiasi gani. Nilimuuliza kwa nini asiuze, nyumba za mawe za huko zinatafutwa na wenye hoteli. Akanionyesha jiwe la juu ya mlango lenye mwaka na herufi za jina la aliyejenga. Hakusema neno, akarudi kwenye daftari lake.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, ndipo utawaona wote. Tulimaliza paa siku tatu kabla. Nyumbu walikuwa wanapanda na mizigo ya watu toka alfajiri, watoto wanaongea Kijerumani, bibi zao wanawajibu Kigiriki. Usiku uwanja wote ni ngoma iliyoshikana mikono, inazunguka taratibu, klarineti inalia. Wanaocheza mbele ni wazee. Yule mzee wangu wa fimbo aliniona nimesimama ukutani, akanishika mkono akaniingiza kwenye duara. Jirani yake akamuuliza kitu sikioni, na yeye akajibu kwa sauti, akitaja jina la baba yangu, kwa matamshi yake, lakini lilikuwa lenyewe.

---

Mtoto wa Longido

Mkuu hapo umenigusa. Swali la mwisho: kondoo bado wanapanda?

---

Fundi Mawe

Wanapanda, ila wengi siku hizi kwa malori. Wachache bado wanakwenda kwa miguu. Nilipokuwa juu ya paa nilisikia kengele asubuhi moja, sauti nyingi, nzito na nyembamba pamoja. Fundi mkuu akaweka nyundo chini, na sisi wote tukasimama mpaka kundi likamaliza kupita.

Picha za ukuta na boriti nitaziweka kesho nikitoka kazini.